Kidole Kidogo cha Bikira wa Kalundu

"Yo! Yo! Kujeni muone!" Pétronille alipiga kelele, na beseni la mchanga alilojitwika likainama, mchanga ukammwagikia bega zima. "Ile si mukono ya Mama Vainqueur?"

Ilikuwa Jumamosi ya salongo, siku ambayo kila shirika la parokia hupanda kilima kilicho juu ya bandari ya Kalundu na mzigo wake, hawa mawe, hawa maji, hawa mchanga wa ziwani. Watu walisimama njiani, wakainua macho. Bikira Maria alikuwa katikati ya jukwaa la miti, bado wa rangi ya saruji tupu, ameinamisha kichwa kidogo kuelekea ziwa. Mikono yake miwili ilikuwa imefunikwa turubai tangu ipandishwe kwa kamba na kuunganishwa, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza ilifunuliwa. Ilikuwa wazi, viganja mbele, vidole vikielekea chini. Katika mkono wa kulia vidole vyote vilinyooka vizuri, isipokuwa cha mwisho, kile kidogo, ambacho kilikuwa kimekwenda upande kuanzia kwenye kifundo na kukataa kurudi.

Walitazama kidole, wakatazamana. Halafu kicheko kikapasuka, kicheko kizuri tu, cha watu waliochoka na kupata sababu ya kutua mizigo.

"Ni yeye kabisa!"

"Mupentekoste amepanda mulima wa Wakatolika!"

Fundi Gracien alikuwa juu ya jukwaa na mwiko wake wa chuma mkononi. Aliinama, akautazama mkono ambao yeye mwenyewe aliukunjia vyuma, akaufunga wavu, akaukandika saruji na kuulainisha kwa kijiko cha jikoni cha mke wake. Naam. Ulikuwa mkono wa Mama Vainqueur. Na katika kilima kizima, yeye aliyeutengeneza ndiye aliyekuwa wa mwisho kuuona.

Gracien hakuwa mtu wa masanamu. Alikuwa fundi wa misalaba. Ukifiwa Kalundu, unamwendea Gracien, naye anachukua kibao chake cha kumimina saruji, kile kile alichomiminia msalaba wa baba yako, na kesho yake msalaba uko tayari. Hakuna aliyewahi kusema msalaba wake ni mzuri au mbaya. Anayechukua msalaba huwa ana mengine ya kufikiria.

Lakini Padri Placide alikuwa mtu wa kupenda vitu vikubwa. Baada ya mwaka ule wa mafuriko, mto Mulongwe ulipoacha njia yake na kupita katikati ya nyumba za watu, aliahidi mbele ya altare kwamba waliobaki watamsimamishia Mama wa Yesu sanamu ambayo mvuvi ataiona akiwa mbali ziwani. Injenieri Basile aliichora: mifupa ya chuma, juu yake wavu wa kufugia kuku, juu ya wavu ngozi ya saruji. Uso ulitolewa kwenye sanamu ndogo ya parokia, na kuhusu pua peke yake mashirika yalibishana hadi misa ikachelewa. Walioteremka kutoka Bijombo na Rurambo walitaka aangalie milima, wavuvi walitaka aangalie maji. Padri akaamua aangalie maji na bega moja aliegemeze milimani, na hivyo kila upande ukaona umepunjwa kidogo, mambo yakaisha.

Kuhusu mikono hakuna aliyesema neno. Padri alimpa Gracien picha ya kalenda, na katika picha hiyo mikono ya Bikira ilikuwa midogo kama mbegu za maharage. Gracien aliigeuza kwenye mwanga, akaisogeza, akaisogeza tena, akaiweka chini. Kisha akaketi uani kwake na kuanza kukunja vyuma kwa kufuata kichwa chake.

Na kichwani mwake mlikuwa na mkono mmoja tu.

Siku ya mafuriko maji yalimtoa nyumbani kwake pamoja na mlango wa nyumba. Alikwenda nayo, akijigonga kwenye mbao na mabati, macho na kinywa vimejaa matope, hata akaacha kupigania chochote. Hapo ndipo mkono ulipomshika. Hakuona uso wa mwenye mkono, hakuona kitu. Alisikia vidole vimeng'ang'ania kifundo cha mkono wake, na maji yanamvuta, na vidole havimwachi. Wakati fulani alisikia kimoja kinavunjika. Bado havikumwachia. Alipofutwa macho alikuta amelazwa juu ya ukuta wa stoo iliyobomoka, na kando yake mama Déborah, Mama Vainqueur, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, amejikunja na kuupakata mkono wake wa kulia. Hospitali siku zile ilikuwa imefurika watu wa kufa. Nani angeangalia kidole? Kikapona jinsi kilivyotaka chenyewe.

Basi mtu akishaokolewa hivyo anafanya nini? Anashukuru. Gracien alishukuru. Aliungana na mke wake Eliane, wakampelekea mbuzi. Mama Vainqueur akampokea vizuri yule mbuzi, akampa majani, na Jumapili akamfunga kamba, akampeleka kanisani kwake akawe sadaka. Wakampelekea kitenge kizuri cha kutoka ng'ambo ya ziwa. Wiki iliyofuata kilionekana kwa mke wa mchungaji. Gracien akaona hapa kinatakiwa kitu kisichobebeka. Akangoja mama aende kumtembelea mwanawe Vainqueur Bujumbura, akaingia kwenye kiwanja chake na kumjengea choo cha saruji, chenye mlango na kitasa. Mama aliporudi alikizunguka, akakisifu, kisha akakifungulia mtaa mzima.

Na kila mara Gracien aliposema aksanti, yeye alijibu neno moja tu, bila kumtazama: "Mushukuru Mungu."

Gracien alimshukuru Mungu, tena sana. Lakini shukrani yake nyingine ilibaki imemkaa kifuani, haina pa kutua, na kuna nyakati alimwonea uchungu yule mama kwa utakatifu wake usiopokea kitu cha mtu.

Habari haihitaji gari ili iteremke kilima. Kabla ya Jumapili kwisha, bandarini kote watu walisema Mama Vainqueur amefanywa Bikira Maria. Wapakuaji mizigo walimpigia magoti kwa mzaha alipopita na beseni lake. Wanawake wawili wa parokia, hawa bila mzaha wowote, walipanda kilimani na maua, wakayaweka chini ya ule mkono wa kulia.

Jumanne Pétronille alipanda peke yake bila mchanga. Yeye na Mama Vainqueur walianika ndagala kwenye mchanga mmoja, bega kwa bega, Mkatoliki na Mpentekoste, na hawakuwahi kugombana ila kuhusu kunguru.

"Baba Jolie," alimwita Gracien, maana Jolie ndiye mtoto wake wa kwanza. "Teremuka. Minye kinywa yangu imeleta mambo."

Gracien akateremka.

"Muzee Ildephonse amemuita Mama Vainqueur mbele ya wazee wa kanisa yao. Wamemuuliza kama ni yeye alikubali wamuchonge sanamu. Amesema hapana. Wamemwambia, basi ile kidole itoke. Kama siku ya baraka ya sanamu kidole iko pale bado, yeye hataimba tena mu korali."

"Na yeye amejibu nini?"

"Hakujibu. Leo ameanika ndagala muzima muzima, lakini haimbe. Weye unajua Mama Vainqueur mwenye haimbe?"

Hakumjua. Hakuna aliyemjua. Mume wake alikufa zamani, mdogo wake Belyse alichukuliwa na mafuriko, Vainqueur aliishi upande wa pili wa maji. Wanawake wa kwaya ndio waliolala naye chini wakati wa matanga, ndio waliompikia, ndio waliombishia mlango kila alfajiri hadi akaanza tena kufungua. Aliimba sauti ya chini kabisa, ile ambayo huisikii mpaka siku ikikosekana. Kumwondoa kwenye kwaya kulikuwa kumtoa nyumbani mara ya pili.

Gracien alikwenda kwa Padri Placide, akamkuta anahesabia wageni viti.

"Hapana," Padri alisema kabla Gracien hajamaliza. "Baba Jolie, minye nimeona masanamu Roma. Mukono ile ni kitu kizuri kupita yote umefanya mu maisha yako. Watu wanailetea maua! Askofu anakuja siku kuu ya Kupalizwa Mbinguni, na weye unataka kuvunja?"

"Sitaki kuvunja, Padiri."

Na huo ndio ulikuwa ukweli uliomchoma. Hakutaka. Alikwisha kutengeneza misalaba isiyohesabika kwa kibao kimoja, na sasa, nywele zimeingia mvi, mikono yake ilitoa kitu kilichotoka ndani yake mwenyewe. Tena kitu hicho kilikuwa asante. Ile asante iliyokataliwa pamoja na mbuzi, na kitenge, na choo, ilikuwa imejipenyeza yenyewe na kupanda juu ya kilima, mahali ambapo hakuna awezaye kuichukua na kumpa mke wa mchungaji. Alijua ni lazima aende kwa Mama Vainqueur, amwambie kitu. Jumatano hakwenda. Alhamisi alifika hadi kwenye ndagala zake za mwanzo, akaona mgongo wake, akarudi.

Ijumaa mama akaja mwenyewe.

"Hodi," sauti ilisema chini ya mbao za jukwaa.

Gracien aliruka. "Mama Vainqueur! Utaanguka!"

"Nilipanda kuta mbaya kupita hii."

Alitokea kichwa kwanza, kisha mabega, kisha akajivuta kwa magoti mpaka juu ya mbao, akakaa, akatengeneza kitenge chake, akapumua. Upepo wa ziwa uliwapiga wote wawili. Chini, meli ya mizigo ilikuwa inapakuliwa, na wapakuaji walionekana wadogo sana kwa mizigo yao. Mkono wa Bikira ulikuwa hapo hapo mbele ya uso wake, mkubwa kuliko yeye. Aliutazama kwa muda. Akainua mkono wake mwenyewe, akauweka kando ya ule, kidole kando ya kidole.

"Umenipatia kucha nzuri," alisema. "Zangu ziko na magamba."

Gracien akacheka, halafu akaweka mwiko chini. "Unisamehe, mama. Sikufanya kwa kusudi. Nilikuwa nakunja chuma, nikawaza mukono ya kuokoa muntu, na hii ndiyo ilitoka. Sijue ingine."

"Ninajua hukufanya kwa kusudi."

"Wazee wako..."

"Wazee, acha kwanza. Minye sikupanda hapa ju ya wazee." Aligeuka, akanyoosha kidole kile kile kilichopinda kuelekea upande wa pili wa sanamu. "Na ile ya kushoto? Iko ya nani?"

"Ya kushoto? Ya hakuna muntu. Niliifanya tu."

Mama Vainqueur alitikisa kichwa. Aliendelea kuutazama ule mkono wa kushoto, ulionyooka vizuri, uliofunguka, ambao hakuna aliyeuletea maua.

"Siku ile," alisema, "minye nililala juu ya ile ukuta na mikono yote mbili ilikuwa ndani ya maji. Ya kulia ilipata weye. Ya kushoto ilipata Belyse."

Gracien aliugeukia mkono wa kushoto.

"Nilimushika hapa." Aligusa mkono wa juu, karibu na bega. "Alikuwa amejipakaa mafuta, unamujua Belyse, hata siku ya mvua alijipakaa mafuta. Aliniangalia. Aliita jina yangu, Débo, vile alikuwa ananiita. Kisha mukono ya kushoto haikuwa na kitu."

Meli chini ilipiga honi, na hakuna kati yao aliyegeuka.

"Ulikuja na mbuzi, nikaona Belyse. Ulikuja na kitenge, nikaona Belyse. Baba Jolie, ungekuja hata na ng'ombe zote za Bijombo, ningeona Belyse. Ningepokeaje? Ningekula namna gani mbuzi ya mukono moja? Sikukukatala weye. Hata siku moja sikukukatala. Nilikuwa nakuona muzima, unapita na misalaba yako, ninafurahi. Ninafurahi kabisa, na inaniuma."

Gracien alisikia aibu ikimpanda, aibu ya miaka ile yote aliyomwonea uchungu. "Sikujua," alisema. "Sikujua alikuwa pale."

"Ulikuwa na matope mu macho. Ungejua namna gani?"

Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akaendelea kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kufukuzia kunguru. "Sasa sikiliza. Watu watakuja hapa kuwasha mishumaa. Watasema, mukono hii ilishika. Hakuna mwenye atasema ingine haikushika. Minye sitaki kusimama hapa juu na nusu ya habari. Ju ya nini mumoja alibaki na mwengine akaenda, ni Mungu anajua, na hajaniambia. Mama wa Yesu wenu awe na mikono yake mwenyewe. Yote mbili sawasawa. Hiyo ndiyo ninakuomba."

Katika miaka yote ile, hilo lilikuwa jambo la kwanza ambalo Mama Vainqueur alimwomba. Gracien alilielewa polepole, na alipolielewa alichukua tindo na nyundo.

Hakupiga mara moja. Aliupitisha mkono wake juu ya kile kidole, kwenye kifundo kile alichokilainisha kwa kijiko jioni nzima bila kujua analainisha nini, na moyo wake ulimuuma. Kisha akapiga. Saruji yake ilikuwa nzuri, haikutaka kuachia. Ilitoka vipande vipande, ikaanguka kwenye majani ya chini, hadi wavu ukaonekana, na ndani ya wavu kile chuma kilichopinda. Akakiingizia bomba, akakivuta kurudi. Mama Vainqueur alishika chuma upande wa chini kisicheze. Walivuta pamoja mpaka kikanyooka.

"Hapo," alisema mama. "Hapo, imetosha."

Akateremka kama alivyopanda, kwa magoti, akiwa anajisemea kwamba wanaume wanajenga ngazi kana kwamba wanawake hawana vitenge. Gracien alibaki juu. Alikoroga saruji kidogo kwenye karai, akakikandika kidole kipya, akakilainisha kwa kijiko cha Eliane mpaka jua likakaribia milima. Kilikuwa kidole kizuri, cha hakuna muntu.

Padri Placide alipopata habari alipaaza sauti iliyosikika hadi barabarani. Gracien alimwacha amalize, kisha akamweleza habari ya Belyse, kwa maneno machache, maana machache ndiyo aliyokuwa nayo. Padri aliketi kwenye kimoja cha vile viti vya wageni. Mtu huyo wa vitu vikubwa akaangalia viganja vyake. "Maua waweke katikati," alisema hatimaye. "Katikati, si upande mumoja."

Mzee Ildephonse alipanda kilimani jioni hiyo hiyo akiwa amevaa koti, akasimama mbali ili asionekane anaabudu, akatazama mikono yote miwili, akaridhika. Alimwambia Gracien kwamba ni kazi safi, kisha akaharakisha kuteremka kabla hajasifu zaidi.

Saruji mbichi isiponyweshwa hupasuka. Jua la Uvira haliionei huruma. Linainyonya maji kabla haijashikana, na kidole chembamba namna ile kingepasuka kwa siku moja tu. Kwa hiyo kesho yake Gracien aliamka mapema, akachukua kibuyu chake cha maji, akapanda. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, na ng'ambo milima ya Burundi haijaonekana.

Alimkuta Mama Vainqueur yuko juu ya jukwaa tayari.

Alikuwa amepanda na bidoni la maji ya ziwa na kikombe cha plastiki. Alikuwa anachota, anainua, anamwagia kile kidole polepole, kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye ncha.

"Mama," Gracien alisema, amesimama katikati ya ngazi. "Wazee watakuona."

"Wazee waliniuliza juu ya kidole. Juu ya maji hawakuniuliza kitu." Alichota tena. "Bwana yangu alikuwa anajenga. Ninajua simenti inakunywa sawa mutoto."

Gracien akamalizia kupanda, akaketi kwenye ubao. Alimtazama akifanya kazi. Alitaka kusema lile neno, lakini alikwisha kulisema mara nyingi mno na kila mara lilimrudia, na safari hii alijua lilikuwa linamuumiza nani. Akaweka kibuyu chake chini. Mama akamwaga kikombe kingine, na kingine.

"Sema basi," alisema Mama Vainqueur bila kugeuka.

"Niseme nini?"

"Ile yako ya siku zote."

Gracien alivua kofia. "Aksanti, mama," alisema. "Aksanti kwa kunishika."

Kikombe kilisimama hewani. Gracien alingoja lile jibu la mama la siku zote, alilijua hadi pumzi ya kulitangulia. Upepo ulipita kati ya miti ya jukwaa, ukatikisa kamba.

"Aya," alisema Mama Vainqueur. "Nimepokea."

Akainamisha kikombe, akakimalizia kidole kipya maji yake. Kisha akalibeba bidoni kwa mkono ule wa kidole kilichopinda, akapita nyuma ya Gracien kwenye ubao mwembamba, akaenda upande wa pili, kwenye mkono wa kushoto. Ule ulikuwa umekauka zamani, hauhitaji kitu. Alichota, akaunywesha nao, kidole kimoja kimoja, na huku akianza kuimba kwa sauti ya chini kabisa, na maji yakawa yanateremka kutoka kwenye ncha za vidole vyote, yakiingia kwenye mchanga ambao watu walikuwa wameubeba hadi huko juu.